Jinsi ya Kulifuatilia Neno Lililogeuka Kiambishi: Mwongozo Kamili kwa Anayesoma Kijerumani

Anayejifunza Kijerumani akifika kwenye somo la kutaja saa hukutana na Viertel, yaani robo. Baadaye huongezewa Drittel, theluthi, na Zehntel, sehemu ya kumi. Huambiwa achukue namba, abandike -tel, kazi imekwisha. Kanuni hiyo ni sahihi, ila inaficha jambo zuri kuliko kanuni yenyewe. Hiyo -tel ni neno Teil, lenye maana ya sehemu, lililochakaa. Karne za kati watu waliandika dritteil na vierteil, sehemu ya tatu na sehemu ya nne. Mkazo ulikaa kwenye namba, Teil ikabaki nyuma bila nguvu, irabu yake ikafifia, na leo mtu anasema Viertel bila kufikiria neno lolote la pili ndani yake. Teil yenyewe bado ipo, inatumika kila siku, haijapungua hata sauti moja.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kufanya uchunguzi huo mwenyewe: kuchukua kiambishi tamati cha Kijerumani, kuuliza kama kiliwahi kuwa neno linalojitegemea, na kulijibu swali hilo kwa ushahidi. Vitabu vingi vya sarufi hutoa orodha tu, -heit, -schaft, -tum, -lich, -bar, na mwanafunzi huikariri. Naona hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu ushahidi wenyewe uko wazi na haumhitaji profesa.

Vifaa ni vichache. Tovuti ya DWDS ina kamusi ya asili ya maneno ya Wolfgang Pfeifer, nayo haina malipo. Wörterbuchnetz, ya Chuo Kikuu cha Trier, inakupa kamusi kubwa ya ndugu Grimm, ambayo juzuu lake la kwanza lilitoka 1854 na kazi ikakamilika 1961, pamoja na kamusi ya Lexer ya Kijerumani cha karne za kati. Kariri pia vipindi vitatu: Kijerumani cha Juu cha Kale, takriban mwaka 750 hadi 1050, Kijerumani cha Juu cha Kati, hadi 1350, na Kijerumani Kipya cha Mapema, hadi 1650. Nyuma ya hivyo vyote kuna Kigothi, lugha ndugu, tunayoijua hasa kupitia tafsiri ya Biblia ya Askofu Wulfila ya karne ya 4. Kistari juu ya irabu, kama katika līh, kinaonyesha irabu ndefu.

Hatua ya kwanza: sikiliza mpaka

Kabla ya kufungua kamusi, tumia masikio. Katika Kijerumani, d, b na g zikiwa mwisho wa neno hutamkwa t, p na k. Kind, mtoto, husikika kama Kint. Sasa tamka kindlich, kisha kindisch. Yote mawili yanahusu utoto, la kwanza kwa wema na la pili kwa lawama. Katika kindlich utasikia t, kana kwamba neno Kind limeishia pale na jambo jingine limeanza. Katika kindisch utasikia d, kwa kuwa -isch imeivuta konsonanti hiyo kwenye silabi yake. Kiambishi -lich bado kinaheshimu mpaka wa neno, -isch hakiujui. Kindheit na Freundschaft nazo zina t pale pale.

Kuna kipimo cha pili, nacho ninakipenda zaidi. Mjerumani anaweza kusema Freund- und Feindschaft, urafiki na uadui, akikitaja kiambishi mara moja tu kwa maneno mawili. Anaweza kusema ess- und trinkbar, kinacholika na kunyweka. Hivyo ndivyo anavyofanya na maneno ambatani, kama Haus- und Gartenarbeit, kazi za nyumbani na bustanini. Lakini hawezi kukata Lehrer na Denker, mwalimu na mwanafikra, akabaki na Lehr- und Denker. Kiambishi -er kimeshikana mno na shina lake.

Vipimo hivi vinakuelekeza, havitoi hukumu. Viambishi -nis na -ling navyo vinaanza kwa konsonanti, na havikuwahi kuwa maneno. L ya -ling, kwa mfano, ilitoka mwishoni mwa mashina yaliyotangulia, ikahamia kwenye kiambishi.

Hatua ya pili: watoe wageni

Hatua hii ni fupi. Kiambishi -er cha Lehrer kilitoka kwa Kilatini, -arius, na kilishaingia zamani sana, kwani Kigothi kina bokareis, mwandishi wa vitabu. Kiambishi -ei cha Bäckerei, mahali pa kuoka mikate, kina asili ya Kifaransa -ie. Kiambishi cha vitenzi -ieren nacho ni cha Kifaransa. Vya asili ya Kijerumani kama -ung, -isch na -ig, havina rekodi ya kuwahi kusimama peke yake. Viweke kando vyote, usipoteze wakati.

Hatua ya tatu: litafute neno likiwa huru

Hapa ndipo hoja inaposimama au kuanguka. Ni lazima umpate mzee huyo akitembea mwenyewe katika maandishi.

Chukua -heit. Katika Kijerumani cha Juu cha Kale heit lilikuwa nomino kamili: mtu, cheo, hadhi, hali ya mtu. Kigothi kina haidus, namna. Kwa hiyo kindheit lilikuwa neno ambatani la kawaida, hali au daraja la kuwa mtoto, na magadheit ilikuwa hali ya mwanamwali. Neno huru lilidumu mpaka kipindi cha Kati, kisha likatoweka katika Kijerumani sanifu. Leo hakuna anayeweza kusema eine Heit.

Kiambishi -tum kilikuwa tuom: hukumu, mamlaka, hadhi, hali. Mzizi wake ni uleule wa kitenzi tun, kufanya. Neno hili limeacha alama mbili ambazo mwanafunzi wa leo anakutana nazo bila kuzitambua. Ya kwanza ni jinsi ya nomino. Karibu maneno yote ya -tum ni ya jinsi isiyo ya kiume wala ya kike, das Eigentum, das Christentum, lakini der Reichtum na der Irrtum ni ya kiume. Tuom ya kale ilitumika kwa jinsi zote mbili, na tofauti hiyo haijafutika. Ya pili ni wingi: Reichtümer, Irrtümer. Irabu ya kiambishi inabadilika kama ya nomino kamili, kama vile Haus inavyokuwa Häuser. Ninaiona hii kuwa mojawapo ya ithibati nzuri kuliko zote, kwa sababu imo ndani ya sarufi ya leo na haikuhitaji hati ya kale.

Kiambishi -schaft kilikuwa scaf, umbile au mpangilio, jamaa wa schaffen, kuumba. Umbo lenye t lilishinda baadaye, na friuntscaf ikawa Freundschaft. Kiambishi -haft kilikuwa kivumishi, aliyefungwa au aliyeshikwa, na ndugu yake yu hai: Haft ni kizuizini. Kiambishi -sam kinaungana na zusammen, pamoja. Kiambishi -bar kilikuwa bāri, chenye kubeba, kutoka beran, kubeba.

Ukishapata neno huru, vuka mpaka upate jirani. Kiingereza kina childhood, friendship, kingdom, lonesome na friendly, vyote vya ukoo mmoja na -heit, -schaft, -tum, -sam na -lich. Kiambishi kikipatikana katika lugha mbili ndugu, mara nyingi safari yake ilianza mapema, kabla hazijaachana mbali.

Hatua ya nne: fuata sauti

Mfano bora wa hatua hii ni -lich, na unastahili nafasi.

Kigothi kina leik, mwili. Kijerumani cha Juu cha Kale kina līh, mwili, nyama, umbo. Ukiunganisha mtu na mwili unapata mwenye umbo la mtu: manlīh, na kwa njia hiyo männlich, -a kiume. Ukiunganisha rafiki na mwili, unapata mwenye sura ya rafiki, freundlich.

Tazama sasa jinsi mwili huo mmoja ulivyopita njia tatu. Kuelekea mwisho wa karne za kati, ī ndefu yenye mkazo ilivunjika ikawa ei: mīn ikawa mein, wīn ikawa Wein. Līh likiwa huru lilikuwa na mkazo wake, likafuata sheria hiyo, likawa Leiche, maiti. Maana ya zamani, mwili tu, imebaki kwenye Fronleichnam, jina la Kijerumani la Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Hapo mwili unaotajwa ni wa Bwana aliye hai.

Njia ya pili ni gleich, sawa. Kigothi ni galeiks, mwenye mwili uleule. Sehemu ya mbele, ga-, ilikuwa dhaifu, mkazo ukaangukia mwili, na ndiyo maana irabu ikavunjika vilevile: gleich.

Njia ya tatu ni ya kiambishi. Katika friuntlīh mkazo ulikuwa kwa rafiki. Irabu ya nyuma ilifupika kabla sheria haijaipata, na ufupi huo ukaikinga isivunjike. Ndiyo sababu tunasema freundlich na hatusemi freundleich. Katika maneno mawili ya kuulizia na kuonyeshea irabu iliisha kabisa: Kigothi swaleiks na ƕileiks (ƕ husomwa hw), Kijerumani cha Kale solīh na welīh, leo solch na welch. Anayesema solch anataja mwili bila kujua, na mwili huo umebaki konsonanti mbili.

Kanuni ya kufanyia kazi ni hii: andika neno huru la leo upande mmoja, kiambishi upande wa pili, kisha eleza kila tofauti ya sauti kwa kutumia mkazo. Tofauti isiyoelezeka ikibaki, rudi hatua ya tatu.

Neno zima linaweza kusagika pia, kiambishi pamoja na shina. Biscoftuom, mamlaka ya askofu, imekuwa Bistum, jimbo la askofu, na askofu mwenyewe haonekani tena.

Hatua ya tano: fuata maana, na utafute daraja

Antoine Meillet, mwanaisimu Mfaransa, mwaka 1912 aliupa mchakato huu jina ambalo kwa Kiswahili tunaliita usarufishaji: neno lenye maana yake linageuka chombo cha sarufi. Kiswahili kimepita njia hiyohiyo, kwani -ta- ya wakati ujao ilitoka kwenye kitenzi taka. Lakini kulitaja jina la mchakato hakutoshi. Unatakiwa uonyeshe ni wapi msikilizaji aliweza kulielewa neno kwa namna mbili. Mahali hapo napaita daraja, na kiambishi -bar kinalo daraja zuri kuliko vyote.

Mwanzoni -bāri iliungana na nomino tu. Fruchtbar ni chenye kuzaa matunda. Dankbar ni mwenye kuleta shukrani. Kostbar ni chenye kubeba gharama, ndipo ikawa cha thamani. Katika maneno haya maana ya kubeba bado inaonekana.

Kisha tazama streitbar, scheinbar na wandelbar. Streit ni nomino, ugomvi, lakini shina la kitenzi streiten, kugombana, lina umbo hilohilo. Schein ni mwangaza au sura ya nje, na scheinen ni kung'aa au kuonekana. Wandel ni mabadiliko, wandeln ni kubadilisha. Mzungumzaji wa kwanza alisema chenye kubeba mabadiliko. Msikilizaji aliweza kusikia kinachobadilika, au kinachoweza kubadilishwa. Hakuna aliyekosea, na sentensi ilieleweka vilevile. Lakini msikilizaji huyo sasa alikuwa na kanuni mpya kichwani: shina la kitenzi pamoja na -bar.

Kwa kanuni hiyo alivuka. Essbar haiwezi kusomwa kama chenye kubeba mlo, maana yake ni kinacholika. Lesbar ni kinachosomeka, machbar ni kinachowezekana kufanywa. Leo karibu kila kitenzi kinachochukua yambwa kinaikubali -bar, na hakuna anayesikia kubeba ndani yake. Unaposoma Kijerumani, panga maneno ya -bar katika mafungu matatu: nomino tupu, yenye shaka, kitenzi tupu. Fungu la katikati ndilo lenye historia.

Msimamo wangu, baada ya kuvilinganisha viambishi hivi, ni kwamba maana hutangulia na sauti hufuata. Kiambishi -los, katika arbeitslos, asiye na kazi, hakijapoteza sauti yoyote kikilinganishwa na los, lililoachiliwa, kama katika der Hund ist los, mbwa amefunguka. Ila asiye na kazi hakufunguliwa kutoka kwenye kazi kama mbwa kutoka kwenye mnyororo. Maana imeshaondoka, sauti bado haijaondoka. Kwa hiyo usikatae kukiita kitu kiambishi eti kwa sababu kinasikika kama neno zima, wala usisubiri neno huru life.

Hatua ya sita: kagua mpaka uliohama

Kiambishi -keit kitakusumbua, kwa sababu hakuna neno keit popote. Usitafute. Katika kipindi cha Kati palikuwa na vivumishi vya -ec au -ic, kama ewic, -a milele. Ukiongeza heit unapata ewicheit. Konsonanti c na h ziligongana, zikasikika kama k moja, na watu wakakata upya: wakaona kiambishi ni -keit. Baadaye -ig ilirudishwa mbele yake, na ndiyo maana leo tuna Ewigkeit, yenye g na k kwa pamoja.

Mkato huo ukazaa mwingine. Walipozoea kuona -igkeit mwishoni, waliichukua nzima na kuibandika hata pasipo na -ig. Müde ni aliyechoka, hakuna müdig, lakini uchovu ni Müdigkeit. Neu ni -pya, na habari mpya ni Neuigkeit. Heit moja imezaa viambishi vitatu.

Hatua ya saba: jihadhari na wanaofanana

Schaft, mpini wa mkuki, si ile scaf iliyozaa -schaft. Dom, kanisa kuu, ni Kilatini domus, wala si tuom. Bar, -tupu, ya barfuß, miguu mitupu, si ile ya kubeba. Kufanana kwa umbo la leo hakuthibitishi kitu. Linganisha maumbo ya kale.

Mtego mzuri zaidi umo kwenye -rich. Rīh, mtawala, ilikuwa mwisho wa majina ya watu kama Heinrich na Friedrich. Kutoka kwenye majina ikawa kiambishi cha aina ya mtu: Wüterich, mwenye ghadhabu kali. Vivyo hivyo -bold, kutoka majina ya -bald, shujaa, ilitoa Trunkenbold, mlevi, na Witzbold, mpenda mzaha. Hapo neno lilipitia jina la mtu kabla ya kufika kwenye kiambishi. Lakini Enterich, bata dume, halina mtawala ndani yake. Umbo la kale ni antrehho, neno zima lililovutwa na watu mpaka likafanana na Heinrich. Gänserich, bata bukini dume, likaigwa kutoka kwake.

Kuna pia kisa kisichofungwa kwa hati. Wakati uliopita wa vitenzi vya kawaida, machte, alifanya, una -te. Maelezo yanayotolewa zaidi ni kwamba hicho ni kitenzi cha kale cha kufanya kilichogandana na shina. Kigothi kina salbodedum, tulipaka mafuta, na hiyo -dedum inafanana sana na tātum ya Kijerumani cha Kale, tulifanya. Wataalamu bado wanabishana juu ya maumbo ya umoja. Katika daftari lako kiandike kama hoja ya ulinganisho, kando na -heit na -tum, ambazo neno huru limeonekana.

Hatua ya nane: wapime walio njiani leo

Mchakato haujasimama, na hapa huhitaji kamusi ya kale. Kipimo ni kimoja: rudisha neno huru katika kirai, uone kama maana inabaki. Zuckerfrei ni frei von Zucker, isiyo na sukari. Maana imebaki, kwa hiyo -frei bado iko karibu na nyumbani. Schulwesen ni mfumo wa shule, lakini das Wesen ni kiumbe au asili ya kitu, na hakuna kirai kitakachokupa mfumo. -Wesen imekwenda mbali. Rechtmäßig, kwa mujibu wa sheria, bado inamkumbuka Maß, kipimo. Katika mazungumzo watu husema wettermäßig, kwa upande wa hali ya hewa, na hapo hakuna kinachopimwa.

Kiambishi -weise kinastahili jioni nzima. Glücklicherweise, kwa bahati nzuri, ilikuwa kirai cha maneno mawili, kwa namna ya heri, na -er ya katikati ni mwisho wa kivumishi unaokubaliana na nomino ya kike, Weise. Kirai kikaganda kuwa kielezi. Kisha vielezi vya jinsi hiyo, kama teilweise, vikaanza kusimama mbele ya nomino: eine teilweise Lösung, suluhisho la sehemu tu. Nomino imekuwa kielezi, kielezi kimekuwa kivumishi, na haya yote yanaonekana kwa macho ndani ya Kijerumani cha leo.

Kwa zoezi la kwanza chukua -haft. Neno huru unalo, aliyefungwa. Weka sündhaft upande mmoja, aliyeshikwa na dhambi, ambapo kufungwa bado kunasikika. Weka meisterhaft upande wa pili, kwa ustadi wa fundi mkuu, ambapo hakuna aliyefungwa na yeyote. Kazi iliyobaki ni kukusanya maneno ya -haft yaliyo kati ya hayo mawili na kuyapanga kwa karne.